Kwenye Mashine ya Nani?

Wapo wanaomkumbuka kama mama mpole. Hao walikutana naye ngazini tu. Mimi nilifanya naye kazi miaka mingi, meza yangu ikitazamana na yake, na nasema wazi: hakuwa mpole, hakutaka kuwa mpole, na angesikia nimemwandika hivyo angenipigia simu.

Tulimwita Mhandisi. Wateja walimwita Mama, wauza vitenge wa duka la chini walimwita Mama Kompyuta, na mkurugenzi wetu alimwita kwa majina tofauti kutegemea siku ilivyoamka. Ofisi yetu ilikuwa Kariakoo, ghorofa ya tatu, kwenye mtaa mmoja unaokatiza Msimbazi. Tulitengeneza programu za kompyuta kwa ajili ya maduka ya dawa, zahanati na maabara. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu sote kwa umri, mkurugenzi akiwemo, na hakuruhusu mtu asahau hilo. Ukiingia asubuhi bila kusema shikamoo, aliendelea na kazi yake kana kwamba mlango umefunguliwa na upepo.

Alikuwa mrefu, mwembamba, nywele zake nyeupe kazisuka msuko mmoja uliofika kiunoni. Alivaa suruali, shati la kiume la mikono mirefu na raba. Sari niliiona mwilini mwake siku za Diwali tu, na hata siku hizo raba zilikuwa chini yake. Alikuwa Mhindu wa familia za pale pale mjini, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kariakoo, cha haraka, chenye kona. Mgeni akiangalia sura yake akaanza kumsemesha Kiingereza, alimjibu kwa Kiswahili cha mtaani mpaka mgeni atafute kiti. Jamaa mmoja aliyekuja kutoka maofisi ya Posta, katikati ya jiji, aliwahi kumuuliza kwao hasa ni wapi. Mhandisi alinyoosha kidole dirishani, kwenye jengo la upande wa pili wa barabara.

"Pale penye mashuka yameanikwa. Unataka nikuonyeshe na jiko?"

Yule jamaa alicheka peke yake.

Mimi nilitoka Masasi kuja kusoma, nikamaliza chuo, nikahangaika na kazi za miezi mitatu mitatu kabla ya kuangukia chumba kile. Siku ya kwanza nilijitambulisha, jina langu Zaina, nimesomea sayansi ya kompyuta. Akaniuliza kama naogopa kuambiwa nimekosea. Nikasema hapana. Akasema basi hiyo ni mara ya kwanza kukosea leo, kila mtu anaogopa, nikae.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ni ile ambayo hakuna mteja aliyewahi kuisifu, na kwa sababu mambo yote yaliyompata yalitokana nayo, lazima niieleze. Programu ya maabara haifanyi jambo moja likaisha ndipo ianze jingine. Inapokea majibu kutoka kwenye mashine ya kupima damu, wakati huohuo inachapa cheti, wakati huohuo inamtafuta mgonjwa aliyekuja mwaka jana. Kila shughuli ya namna hiyo tunaiita uzi, na nyuzi zote zinaishi ndani ya programu moja. Tena hakuna mwandishi wa programu anayejiandikia kila kitu. Mengi anaomba: niambie saa, nikatie mstari huu wa maneno vipande vipande, nibadilishie tarehe hii iwe ya kusomeka. Maombi hayo yanajibiwa na maktaba inayokuja na mfumo endeshi wa kompyuta, na kila mfumo una maktaba yake.

Shida iko hapo. Ombi linaweza kuwa na jina lilelile kwenye Windows na kwenye Linux, likatoa jibu lilelile, ukaishi miaka ukidhani ni kitu kimoja. Mpaka nyuzi mbili ziombe kwa wakati mmoja. Ndipo unagundua kwamba upande mmoja kila uzi unapewa jibu lake mkononi, na upande wa pili majibu yote yanawekwa mahali pamoja, anayechelewa kuokota anakuta la mwenzake. Wala hakuna upande uliodanganya. Vitabu vya mfumo vinasema hivyo, kwa maandishi madogo, kwa yeyote mwenye subira ya kusoma. Mhandisi alikuwa na subira hiyo, na alitutaka sote tuwe nayo, na wengi walimchukia kwa ajili hiyo. Kuzisaka tofauti hizo, ombi kwa ombi, ndiyo kazi aliyoipenda.

Neno lake kubwa lilikuwa moja. Mtu akisema programu yake inafanya kazi, alimuuliza bila kuinua macho: "Kwenye mashine ya nani?" Tulilisikia hadi tukaanza kuliota. Vijana wa kiume wa ofisi waliligeuza utani; mmoja akisema chai ni tamu, mwingine anamuuliza kwenye kikombe cha nani. Alijua, na hakujali. Alikuwa na maneno mengine pia. Kuhusu programu inayokosea mara chache alisema hiyo ndiyo mbaya kuliko inayokosea kila siku, kwa sababu ya kila siku inajishtaki yenyewe. Kuhusu mwandishi anayefunika kosa kwa kuwasha upya kompyuta, alisema huyo anafagia kwa kuzima taa.

Lakini usidhani alikuwa mtu wa mpango katika kila jambo. Mkoba wake ulikuwa fujo tupu. Funguo za ofisi alizipoteza mara nyingi kuliko sisi wote tukijumlishwa. Alivuka barabara popote alipotaka, mkono mmoja juu, pikipiki zikifunga breki, huku akituhubiria sisi kufuata utaratibu. Hakula nyama maisha yake yote, ila ndiye aliyejua mishkaki ya nani ni safi na ya nani ni ya jana, na alitutuma huko kwa amri. Asubuhi alianzia hekaluni, jioni akabishana na kuhani juu ya spika za hekalu, kwamba zina kelele kwa majirani. Na huyu mwanamke aliyeandika programu za maabara nusu ya umri wake hakuweza kuona damu. Tulipokwenda kwa wateja kufunga mitambo, alipita chumba cha kutolea damu macho yakiwa darini, mkono begani kwangu, ananiuliza kwa sauti ndogo kama tumeshapita.

Ubishi wake haukuwa wa kompyuta tu. Chini ya ngazi zetu walikaa akina mama wawili waliouza chakula, wali na maharage, chapati, samaki. Mwenye jengo aliweka tangazo kwamba ngazi ni za wapangaji, na mlinzi akapewa kazi ya kuwafukuza. Mhandisi alishuka na kiti chake cha ofisini, kile cha magurudumu, akakiweka katikati yao na kuanza kula chapati zake pale, kompyuta mapajani. Mlinzi alipomfuata, alimwambia kwamba yeye ni mpangaji, na hao ni wageni wake, na wageni wa mpangaji hawafukuzwi na mlinzi. Alifanya kazi pale chini muda mrefu, wateja wakaanza kumfuata ngazini, mpaka mwenye jengo akaona aibu ni yake. Akina mama wale walibaki. Mmoja wao alimletea chapati bure siku iliyofuata, naye akazikataa kwa hasira, akisema hakufanya vile ili ahongwe.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Kulikuwa na maabara binafsi, si mbali na kwetu, iliyotumia programu yetu tangu zamani. Kwa miaka haikuwa na matatizo. Kisha mwenye maabara, daktari mwenye sauti nzito na haraka nyingi, akanunua kompyuta kuu mpya, na mkurugenzi wetu akashauri ifungwe Linux badala ya Windows. Mhandisi aliomba apewe muda wa kupitia programu nzima kwanza, ombi kwa ombi. Mkurugenzi alisema programu ni ileile, imejaribiwa na inafanya kazi. Unajua aliulizwa nini. Programu ikahamishwa Mhandisi akiwa Morogoro kwenye msiba wa ndugu yake.

Baada ya hapo ukatokea mkasa. Mzee mmoja aliyeuza mikoba sokoni alipimwa sukari asubuhi moja, akapewa cheti kwamba yuko salama, akarudi kwenye biashara yake. Siku chache baadaye alianguka pale pale mbele ya meza yake, wakamkimbiza hospitali, sukari ikiwa juu kupita kiasi. Alipona, namshukuru Mungu. Ila binti mmoja aliyepimwa asubuhi ileile, aliyekuwa akijiandaa na harusi, alikuwa ameambiwa ana sukari kali, na nyumba nzima ilikuwa inalia. Walipopimwa upya ikaonekana majibu yamebadilishana.

Aliyepokea damu asubuhi ile alikuwa mtaalamu wa maabara aliyeitwa Komba, mtu wa Songea, makini, mkimya, mwenye mke na watoto wawili. Daktari alisema Komba amechanganya vichupa. Komba alisema hakuchanganya. Mashine zenyewe za kupimia zilikuwa zikifuta kumbukumbu zake kila jioni, kwa hiyo hakukuwa na pa kuangalia. Ikapangwa kikao cha nidhamu, na kila mtu alijua mwisho wake: Komba atafukuzwa, na jina lake litapelekwa kwenye baraza la taaluma, asifanye kazi ile tena popote.

Habari zilitufikia kwa sababu daktari alimpigia mkurugenzi simu kuomba kumbukumbu za programu. Mkurugenzi alitutangazia kwa furaha ya mtu aliyepona ajali: kosa ni la binadamu, sisi hatumo.

Mhandisi aliomba kuziona kumbukumbu zile. Alizitazama asubuhi nzima bila kusema na mtu. Kisha akaniita, akaniambia nisome saa za majibu yale mawili. Yalikuwa yameingia kutoka mashine mbili tofauti, kwa wakati mmoja, pasipo hata tofauti ya sekunde. Akaniuliza mstari wa majibu unakatwaje ndani ya programu yetu.

Nikamweleza, na nikiwa namweleza nikaanza kuliona kosa. Mashine ya damu inatuma majibu kama mstari mmoja mrefu: namba ya mgonjwa, kipimo, jibu, vikitenganishwa kwa alama. Sisi tuliukata kwa ombi la maktaba ya mfumo. Ombi lile lina tabia ya kukumbuka limefikia wapi. Ukiliomba kipande kinachofuata, linatoa tu, bila kukuuliza ni cha mstari upi. Kwenye Windows lilikuwa linaukumbukia kila uzi peke yake. Kwenye Linux kumbukumbu ni moja kwa programu nzima. Uzi wa mashine ya kwanza ulichukua namba ya mzee. Kabla haujaomba kipande kinachofuata, uzi wa mashine ya pili ukaanza mstari wa binti. Uzi wa kwanza ukaomba kinachofuata, ukapewa cha binti, na wa pili ukaokota cha mzee.

"Komba hakugusa kitu," alisema Mhandisi. "Ni sisi."

Alikwenda kwa mkurugenzi mlango ukiwa wazi, kwa hiyo tulisikia. Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mishahara ya watu kichwani na mkataba mkubwa ulioning'inia. Alisema watarekebisha kimyakimya, usiku mmoja tu, na hakuna atakayejua. Mhandisi akauliza na Komba je. Mkurugenzi akasema Komba atapata kazi nyingine, ni kijana. Mhandisi akauliza na wagonjwa wengine je, wale ambao hawajaanguka bado. Hapo mkurugenzi akasema sauti ikiwa chini kwamba yeye ndiye mwenye kampuni, na hatoi ruhusa.

"Sijaja kuomba ruhusa," alisema Mhandisi. "Nimekuja kukuambia ili usije ukasikia kwa watu."

Siku ya kikao alinikuta ngazini. Alibeba kompyuta mbili kwenye kikapu cha sokoni. Alisema mimi sina haja ya kwenda, nina maisha mbele yangu, na yeye hatanifikiria vibaya. Nilichukua upande mmoja wa kikapu. Tulitembea hivyo katikati ya mikokoteni na wabeba mizigo, kikapu kikiyumba katikati yetu, simu yake ikilia, mkurugenzi akipiga. Mara ya tatu akaipokea. Alisikiliza, akasema, "Sawa, basi sitarudi," akaizima. Aliponiona nimesimama, aliniuliza kama kikapu ni kizito.

Tulipita chumba cha kutolea damu kwa namna yetu ya siku zote. Nje ya chumba cha kikao mke wa Komba alikuwa amekaa na mtoto mgongoni. Hakutusalimia, hakujua sisi ni nani. Ndani walikuwepo daktari, mwanasheria wake, mkuu wa maabara, na Komba ambaye mikono yake ilikuwa juu ya magoti. Daktari alisema kikao ni cha ndani. Mhandisi akamwambia kwamba yeye ndiye aliyechanganya majibu, kwa hiyo ama wamsikilize ama wamwite polisi, vyote viwili yuko tayari.

Wakamsikiliza.

Aliweka kompyuta mezani. Moja aliifanya iige mashine mbili za damu. Alitunga wagonjwa wawili wa uongo: mmoja majibu yake yote yalikuwa neno chungwa, mwingine neno dagaa, ili hata mtu asiyejua kompyuta aone. Kwanza akaiendesha programu yetu kwenye Windows, mistari ikamiminika kwa wingi, machungwa yakaenda kwa wa machungwa, dagaa kwa wa dagaa. Daktari akaanza kuangalia saa yake. Kisha akaihamishia programu ileile kwenye Linux, bila kubadilisha hata herufi moja ya maandishi yake. Kwa muda hakikutokea kitu. Mwanasheria alikohoa. Mimi nilikuwa naomba dua moyoni, maana kosa la namna hii halina adabu, linaweza kukukwepa siku unapolihitaji.

Komba ndiye aliyeliona kwanza. Aliinuka nusu kwenye kiti, akanyoosha kidole. Kwenye orodha ya mgonjwa wa machungwa palikuwa na dagaa. Kisha wengine, wakafuatana.

Nilimtazama daktari, nikaona amelielewa jambo ambalo mkurugenzi wetu alikataa kulielewa.

"Kwa hiyo wengine?" aliuliza. "Tangu tulipohama?"

"Sijui," alisema Mhandisi. "Wale walioingia kwa pamoja, naweza kukutafutia wote leo. Itabidi uwaite wapimwe tena, na uwaambie kwa nini."

Daktari alisema hilo litamuua kibiashara. Mhandisi akamwambia kwamba inawezekana. Hakumpa faraja nyingine.

Waliitwa. Kwa hilo daktari namheshimu mpaka leo. Alikasirika, alitutukana, alivunja mkataba na kampuni yetu, lakini wagonjwa aliwaita. Wengi majibu yao yalikuwa sahihi. Wachache hayakuwa. Mmoja wao alikuwa mama mjamzito, na kilichogunduliwa kwenye kipimo cha pili kilimfanya awahishwe hospitali. Sijui zaidi ya hapo, na sijawahi kutaka kujitungia mwisho wake.

Watu wakinisikia nikisimulia hapa hutaka Komba amkumbatie Mhandisi. Haikuwa hivyo. Komba alitukuta kwenye korido, tukikusanya nyaya, akasimama mbele ya Mhandisi. Alisema mama yake Songea alishasikia kwamba mwanawe amefukuzwa kwa uzembe, na neno lile halitarudi kinywani mwa watu. Akasema: "Ninyi ndio mlioliandika hilo. Nikushukuru kwa lipi?"

"Usinishukuru," alijibu Mhandisi. "Una haki."

Nilitaka kumtetea, nikasema Mama hakuwepo programu ilipohamishwa. Alinikata kwa jicho. Njiani aliniambia kwamba yule kijana amekaa wiki nzima akisemewa na watu wasiojua, mimi nisiwe wa mwisho. Komba alirudishiwa kazi yake, akafanya kwa muda mfupi, akaenda zake Songea.

Kuhusu mkurugenzi, alitimiza neno lake la kumfukuza, na Mhandisi alitimiza lake. Hakurudi. Vitu vyake nilimpelekea mimi kwenye boksi, nyumbani kwake kwenye lile jengo la mashuka, na nilipofika huko nikamwambia kwamba na vyangu viko kwenye mfuko niliobeba mkono wa pili. Alikasirika kweli. Alisema mimi ni mjinga, nina wadogo zangu wa kusomesha. Kisha akasogeza mashine ya kushonea ya marehemu mama yake kutoka mezani ili nipate pa kuweka kompyuta.

Chumbani mle ndimo tulimoandika Getini. Jina alilitoa yeye. Ni tabaka jembamba la programu, linakaa kati ya kile unachoandika wewe na maktaba ya mfumo. Hakuna ombi linalokwenda moja kwa moja. Kila moja linapita Getini, na Getini inajua iko kwenye mfumo gani. Palipo na ombi salama inalitumia hilo, hata kama majina ni tofauti, hata kama mfumo mmoja unataka kitu cha kwanza kiwe cha pili na cha pili kiwe cha kwanza, kwa maana hata hilo lipo, na limewaumbua wengi. Pasipo na lililo salama, inafunga kufuli: uzi mmoja uingie, wengine wasubiri. Kufuli hakulipenda. Alisema kufuli ni kukiri umeshindwa kujenga vyumba vya kutosha. Lakini alilifunga palipohitajika, na kila alipolifunga aliandika sababu, kwa Kiswahili, ndani ya programu yenyewe.

Kiswahili hicho kilituletea maneno. Mshauri mmoja aliyetumwa na mteja mkubwa alisema maelezo ya programu lazima yawe ya Kiingereza ili dunia isome. Mhandisi alimuuliza ni lini mara ya mwisho dunia ilipanda ngazi za Kariakoo kurekebisha programu. Atakayerekebisha, alisema, ni Zaina, na baada ya Zaina ni mwingine wa hapa hapa, na atakuwa na haraka, na amechoka, na mteja anamfokea, basi aambiwe kwa lugha ambayo haitampotezea muda. Tulimkosa mteja yule. Wengine wakaja, polepole, wale waliosikia habari za maabara na wakafikiri, kinyume cha mkurugenzi, kwamba mtu anayejishtaki hadharani ndiye wa kumpa kazi.

Kwa karibu hakuwa rahisi. Alinifanya niandike upya kazi ya mwezi mzima kwa sababu ya ombi moja la tarehe. Nililia chooni, nikatoka macho mekundu, akanipa achari ya ndimu kwenye kichupa na kusema nile na wali, inasaidia. Radhi hakuniomba, na kazi niliandika upya. Nilipoolewa alikuja Masasi, safari ya siku nzima kwa basi, akakaa jamvini na shangazi zangu, wakamfundisha kucheza, akashindwa, akaendelea kucheza.

Macho yalianza kumsumbua taratibu. Mwanzo alisema ni kioo cha kompyuta kichafu. Kisha alinunua kubwa zaidi, kisha akakuza herufi mpaka mstari mmoja ukajaa kioo kizima. Daktari wa macho alimwambia ukweli, ule ugonjwa unaokula pembeni kwanza na kuingia katikati mwisho, na kwamba amechelewa kutibiwa, naye alirudi nyumbani akiubeba vilevile alivyobeba kile kikapu. Aliniambia kazi niichukue mimi. Tukahamia ofisi nyingine, karibu na Mnazi Mmoja, yeye akabaki chumbani kwake. Nikawa na watu chini yangu, na wananiogopa kidogo.

Ndugu zake walikwishaondoka, mmoja mmoja, Uingereza na Kanada. Mpwa wake alikuja kumchukua. Alikuwa mtu mwema, alimpenda, na alikuwa amepanga kila kitu: hati, tiketi, chumba chenye bustani, muuguzi. Nilikuwepo alipomweleza. Mhandisi alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akamuuliza huko atabishana na nani. Mpwa akacheka, akadhani ni mzaha. Aliondoka peke yake, na aliponiaga ngazini aliniomba nimpitie shangazi yake mara kwa mara, kana kwamba nilikuwa nahitaji kuombwa.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ilikuwa mchana wa joto kali, muda si mrefu uliopita. Nilikuwa na shida. Mteja alitaka programu yetu iende kwenye simu, na simu zina mfumo wake na maktaba yake, ndogo, iliyoacha baadhi ya mambo na kubadilisha mengine. Vijana wangu walisema wamemaliza. Nilikuwa na wasiwasi nisioweza kuutaja. Nikapanda kwake.

Alikuwa amekaa kitini karibu na dirisha, amevaa shati lake, msuko begani. Feni ilikuwa inazunguka juu. Nilisema shikamoo, akaitika marahaba, akauliza nina nini, maana nimepanda ngazi kwa haraka. Nikamwambia. Akasema nisome.

Nikamsomea. Sijui kama umewahi kusoma programu kwa sauti. Ni kazi ya ajabu, mabano na nukta na majina yasiyotamkika. Yeye alifumba macho, ingawa hayakuwa na tofauti yakiwa wazi, na vidole vyake vilitembea juu ya goti kana kwamba vinahesabu vyumba. Alinirudisha nyuma mara kadhaa. Mahali pamoja alisema hapo pako sawa, kijana aliyeandika hapo ni nani, mpe salamu. Mahali pengine aliuliza kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekuwa amekifikiria: uzi ukifa njiani ukiwa umeshika kufuli, simu ikizima shughuli ile ili kuokoa chaji, nani anafungua? Nikaitafuta mistari ya kufungua, sikuiona. Akasema, "Ehee. Andika hilo, tunalirudia. Endelea."

Nilikuwa katikati ya ukurasa mgumu feni ilipoanza kupunguza mwendo, ikazunguka mara chache za uvivu, ikasimama. Kelele za majokofu ya duka la chini zikakatika kwa pamoja. Joto likashuka chumbani kama blanketi. Nilimwona jasho likimtoka kwenye paji la uso, mzee, mwembamba, mikono imelegea juu ya mapaja, na nikaona huruma, ambayo najua hakuitaka. Nikafunga kompyuta nusu.

"Umeme umekatika, Mama," nilimwambia. "Upumzike, nitarudi kesho."

"Kwangu mimi umekatika siku nyingi," alisema. "Hiyo kompyuta yako ina chaji?"

"Inayo."

"Basi soma."